Tumbo Linalorudi Baada ya Kila Dozi: Kutafuta Chanzo na Kujua Wakati wa Kwenda Hospitali

Ukikaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa huku Masasi, ombi utakalolisikia kuliko mengine yote ni hili: "Nipe dawa ya vidonda vya tumbo." Anayewaka moto kifuani anataka dawa ya vidonda. Anayejaa gesi kila akila mbaazi, vidonda. Anayeharisha mwezi wa pili sasa, vidonda. Hata mama mwenye maumivu chini ya kitovu upande mmoja, na hajaona siku zake, keshaambiwa na jirani kwamba ni vidonda. Anapewa dawa, anapata nafuu ya wiki moja, na mwezi ukiandama yupo tena dirishani.

Mimi nauza dawa, kwa hiyo mteja anayerudi hanipi hasara. Lakini dozi ile ile ikinunuliwa mara ya tatu kwa tumbo lile lile, mara nyingi ni kwamba ugonjwa umepewa jina lisilo lake. Pesa ya dozi ya nne heri iwe nauli ya kwenda kupimwa. Humu nimepanga mambo kwa dalili, jinsi watu wanavyozieleza wenyewe. Tafuta inayofanana na yako, uone nini huwa nyuma yake, nini unaweza kukibadilisha nyumbani na wapi pa kukomea. Jina la ugonjwa wako utalipata kwa aliyekushika tumbo na kukupima.

Yasiyosubiri hata kesho

Ukiwa na mojawapo ya haya, tafuta usafiri kwanza:

- Unatapika damu, au matapishi ya kahawia yenye chengachenga za kama kahawa iliyobaki chini ya kikombe.
- Choo ni cheusi kama lami, kinanata na kina harufu kali isiyo ya kawaida. Wajawazito wasishtuke bure: vidonge vya kuongeza damu hukifanya choo cheusi pia, ila hicho hakinati wala haking'ai.
- Maumivu yameanza ghafla, makali, tumbo limekakamaa na hutaki hata shuka liliguse.
- Tumbo limevimba, hakitoki choo wala hewa, na unatapika.
- Ngiri iliyokuwa inarudi ndani ukilala leo imekwama nje na inauma.
- Mwanamke aliyepitisha siku zake ana maumivu chini ya tumbo na kizunguzungu. Mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi, na ikipasua mrija damu humwagika ndani kwa ndani.
- Chembe ya moyo inabana, maumivu yanapanda begani, mkononi au tayani, jasho linatoka na pumzi haitoshi. Mwenye presha au kisukari asiseme "ni gesi tu". Moyo nao huumia hapo hapo.
- Kuhara maji mengi mfululizo, au mtoto anayehara ambaye macho yamedidimia, analia bila machozi, hakojoi, amelegea.

Lipo na kundi la pili, ambalo linaweza kungoja zahanati ifunguliwe ila halifai kabisa kujaribishiwa dawa za dukani: kupungua uzito bila kukusudia, chakula kukwama kooni, damu kwenye choo inayojirudia, macho kuwa ya njano, viganja na midomo kuwa myeupe kwa kukosa damu, homa za jioni zisizoisha, uvimbe unaoshikika tumboni, maumivu au kuhara kunakokuamsha usingizini. Na mtu aliyevuka miaka 45 ambaye tumbo lake halikuwahi kumsumbua maishani na sasa limeanza, naye yumo kundi hili hata kama dalili nyingine hana.

Chembe ya moyo inawaka

Hapa ndipo penye watu wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swali la kwanza kwa mtu wa chembe ya moyo ni anameza nini kingine. Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba, watu wanashinda wameinama chini ya mikorosho wakiokota, na migongo inalia. Alikuja mzee mmoja wa kutoka upande wa Tandahimba akitaka omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii chembe itaniua."

"Pole sana. Na mgongo je, msimu huu?"

"Aa, mgongo nimeshaudhibiti. Nameza viwili asubuhi, viwili jioni, toka korosho zianze kudondoka."

Viwili hivyo vilikuwa diklofenaki. Dawa za aina hii, pamoja na ibuprofeni, aspirini na ndugu zake, hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani za mwili. Kemikali hizo hizo ndizo zinazoamrisha tumbo litengeneze ute wa kujikinga na tindikali yake. Ukizizuia mwezi mzima, ukuta wa tumbo unabaki mtupu na tindikali inaula. Watu hujipa moyo kwamba wanameza wakiwa wameshiba, au kwamba wao wanachoma sindano, haipiti tumboni. Kushiba kunapunguza ukali wa pale pale tu, na sindano haisaidii kitu, kwa sababu madhara yanafika kwa njia ya damu. Wazee ndio walio hatarini zaidi, na kidonda cha namna hii kinaweza kukaa kimya kisiume hadi siku kinapovuja damu.

Kama ndivyo ulivyo, acha dawa hiyo na umweleze daktari habari za mgongo, akupe njia nyingine. Parasetamoli kwa kipimo chake haichubui tumbo. Isipokuwa aspirini ndogo uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi: hiyo usiiache kwa kusoma tu, kamuulize aliyekuandikia.

Swali la pili ni bakteria. Hadi miaka ya 1980 madaktari waliamini vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982, Robin Warren na Barry Marshall wa Australia walifanikiwa kumwotesha maabara bakteria anayeishi kwenye ute wa tumbo, Helicobacter pylori. Wenzao hawakuwaamini, hata Marshall mwaka 1984 akanywa mwenyewe mchuzi wa bakteria hao, akaumwa tumbo kweli. Mwaka 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Nalisema hili kwa sababu hadi leo nakutana na watu waliokatazwa pilipili, maharage, ndimu na dagaa kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuwapima huyo bakteria. Pilipili ya supu ya pweza inaweza kukuchoma ukiwa na kidonda tayari, lakini haikukutengenezea kidonda.

Kwenye kipimo chake ndipo fedha nyingi za watu zinapopotelea. Kuna kipimo cha damu, ambacho hutafuta askari wa mwili waliowahi kupigana na bakteria huyo. Askari hao hubaki muda mrefu hata baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo mtu aliyepona anaweza kupimwa damu mwakani, akaambiwa "unaye", akapewa dozi nyingine nzima, na mwaka unaofuata tena. Kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe ndicho kinachoeleza hali ya leo. Nacho kina masharti: uwe hujatumia omeprazoli na dawa za jamii yake kwa wiki 2, wala antibayotiki kwa wiki 4, vinginevyo kinaweza kusema huna wakati unaye. Baada ya matibabu, rudia kipimo cha choo ukishamaliza wiki 4 bila antibayotiki. Wachache sana hurudia, na ndiyo maana hawajui kama dozi ilishindwa au tatizo ni jingine.

Dozi yenyewe si rahisi. Ni antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, aghalabu siku 14, asubuhi na jioni, mdomo mchungu, kichefuchefu. Mtu akiona chembe imetulia siku ya tano anaweka vilivyobaki kabatini vimfae siku nyingine. Bakteria waliosalia ni wale wagumu, na dozi ile ile haitawaweza tena. Na usinunue nusu dozi. Muuzaji anayekukatia vidonge vya siku tatu vya antibayotiki anakuharibia.

Swali la tatu ni saa ngapi inawaka. Moto unaoanzia chembe ukapanda kifuani hadi kooni, pamoja na maji machungu mdomoni, hasa ukiinama au ukilala, ni kiungulia: tindikali inapanda kwenye umio, ile njia ya chakula toka kooni hadi tumboni. Mwezi wa Ramadhani huongezeka. Mtu anafuturu kwa mihogo ya nazi, bajia na vitumbua, anakula tena wali baada ya tarawehe, anaamka daku, anashiba barabara na kurudi kitandani hapo hapo. Tumbo limejaa mafuta, mwili umelala, tindikali inatafuta njia. Futuru kwa kiasi, punguza vya kukaanga, na ukishakula daku kaa wima walau mpaka baada ya sala ya alfajiri. Saa 2 hadi 3 kati ya chakula na kitanda ndicho kiasi kinachofaa mwaka mzima. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa matofali chini ya miguu yake. Kurundika mito hukunja tumbo na kulizidishia kazi. Mwenye kidonda kilichothibitishwa aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani saa za dawa hupangika kuendana na futari na daku.

Maziwa, ambayo kila bibi atakupa, hupoza kwa muda halafu huchochea tindikali zaidi. Sigara na nipa ya mabibo hukawiza kidonda kupona, na hapa sina la kupamba.

Na omeprazoli yenyewe imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Wengi huimeza ikishauma, baada ya chakula, wakasema haifanyi kazi. Ukiimeza sawasawa wiki 2 hadi 4 na moto ukarudi pale tu unapoacha, nenda ukaangaliwe, usiifanye rafiki wa kudumu.

Kuna maumivu mengine yanayokaa jirani: juu kulia, chini ya mbavu, yanakuja kwa mawimbi baada ya chakula chenye mafuta, pengine yakagonga bega la kulia. Hayo yanaweza kuwa mawe kwenye kifuko cha nyongo, na altrasaundi huyaona kwa urahisi. Dawa za vidonda hazitayagusa.

Chakula kinakwama

Fupi, lakini isomwe mara mbili. Ukianza kuhisi tonge la ugali linasimama kifuani, ukalisukuma kwa maji, na baada ya wiki kadhaa hata wali, kisha uji, hiyo haina jina la kiungulia tena. Mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye saratani ya umio kwa wingi, na wengi hufika hospitali wakiwa wameshindwa kumeza hata maji. Kinachohitajika ni endoskopi, ile kamera ndogo inayopitishwa mdomoni. Wiki za mwanzo ndizo zenye nafasi. Chai ya moto sana nayo inatiliwa shaka: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye orodha ya vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Iache ipoe.

Tumbo linajaa na kunguruma

Gesi peke yake, bila dalili za makundi mawili ya juu, mara nyingi ni habari ya sufuria. Mbaazi, kunde na choroko zina sukari ambazo utumbo mwembamba wetu hauwezi kuzivunja. Zinashuka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wanazila na kutoa hewa. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mengine hadi ziive kabisa. Anza na kiasi kidogo na uzidishe taratibu, utumbo huzoea. Usiache mbaazi kwa ajili ya ushuzi, ni protini ya bei nafuu.

Chanzo cha pili ni maziwa. Watu wazima wengi wa Afrika wamepungukiwa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, kwa hiyo glasi moja asubuhi huleta gesi, msokoto na choo laini saa moja au mbili baadaye. Jipime mwenyewe: acha maziwa wiki 2, rudisha, uone. Mtindi huwa mpole zaidi.

Tumbo linaloendelea kukua wiki hadi wiki, kiuno cha sketi kinakataa, huku mikono na mashavu yanakonda, usiliite gesi. Linaweza kuwa maji kutokana na ini, kifua kikuu cha tumbo, au uvimbe kwenye ovari kwa mwanamke. Altrasaundi, wiki hii.

Kuhara kusikoisha

Kuhara kwa siku mbili tatu hujiishia, kazi yako ni kurudisha maji. Pakiti ya ORS moja kwa lita moja ya maji safi. Ukikosa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vipimo vya kusawazisha, katika lita hiyo hiyo. Mtoto apewe na zinki siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumeshakata.

Kukipita siku 14 hesabu inabadilika, na swali linakuwa kwa nini. Hapa kosa la kawaida ni Flagyl. Kila mtu anayeharisha anaimeza, nusu dozi leo, nusu dozi mwezi ujao. Inaua amiba na giadia kweli, lakini haina la kufanya na virusi, maziwa, wala kisukari. Peleka choo maabara kabla ya kumeza chochote.

Angalia pia kabati lako. Metformini ya kisukari huharisha wengi, hasa wanaoanza, na daktari anaweza kubadilisha kipimo au aina yake. Dawa za kutafuna za tumbo zenye magnesiamu hulainisha choo, na zenye alumini hukifunga. Kwa hiyo mtu anaweza kutibu kiungulia akajizalishia kuhara, kisha akanunua dawa ya kuhara. Nimeona mfuko wa dawa wa namna hiyo, kila moja ikimfukuza mwenzake.

Kuhara kwa zaidi ya mwezi pamoja na kukonda ni sababu tosha ya kupima VVU. Kipimo ni bure, dawa ni bure, na anayejua mapema anaishi. Kuhara damu na makamasi hakutibiwi kwa kubahatisha. Na kama umewahi kuishi au kuvua kando ya Ziwa Victoria, mwambie daktari: kichocho kinachojulikana zaidi Pwani ya kusini ni cha mkojo, chenye damu mwisho wa haja ndogo, lakini kile cha kanda ya ziwa hukaa kwenye utumbo.

Maji yana sehemu yake. Juu kwenye uwanda wa Makonde, Newala na jirani zake, watu wametegemea maji ya mvua kwenye matangi na visima vya kuhifadhia kwa vizazi, na ndoo moja huwa na bei. Maji hayo yakikaa hadi mwisho wa kiangazi, chemsha ya kunywa hata kama yanaonekana meupe. Familia nzima ikiharisha kwa zamu, tafuta kwenye tangi.

Utumbo unaweza pia kubaki na hasira baada ya maradhi kupita. Mtu anapimwa choo, damu, VVU, kamera, vyote safi, na bado ana msokoto unaopoa akienda haja, leo choo kigumu, kesho cha maji, miezi na miezi. Hali hii ina jina hospitalini na ina matibabu, na haimaanishi unajisingizia. Haiui, haigeuki saratani. Lakini jina hilo hupewa mtu baada ya mengine kuangaliwa.

"Taifodi" inayorudi kila mwezi

Kipimo kinachotumika sana ni Widal, cha tangu 1896. Nacho huhesabu askari wa mwili, na askari hao wanaweza kubaki toka ugonjwa wa zamani, chanjo, au kuamshwa na maambukizi mengine. Matokeo ya mara moja yasiyo na homa hayatoshi kukuita mgonjwa wa taifodi. Taifodi halisi ni homa inayopanda siku hadi siku, kichwa, mwili kulegea, na mtu anaonekana mgonjwa. Mtu anayekula vizuri, hana homa, ana gesi toka mwaka jana, halafu amechomwa sindano za taifodi mara nne, ametibiwa karatasi. Ukiambiwa unayo tena, uliza kwa adabu: "Daktari, naweza kuoteshwa damu?" Kipimo hicho hakipo kila mahali, ila swali lenyewe humfanya mtu aangalie upya.

Uchovu, weupe wa viganja, hamu ya udongo

Tumbo hapa linauma kidogo tu, kwa hiyo watu hawalishuku. Safura, minyoo midogo ya utumbo, huingia kwa ngozi ya mguu mtupu kwenye udongo wa mchanga wenye kinyesi, hasa katikati ya vidole ambako huwasha siku chache. Hupita mapafuni, hukoholewa na kumezwa, kisha huning'inia kwenye utumbo mwembamba ikinyonya damu. Mtu anachoka kupanda kijilima alichokipanda maisha yake yote. Wanawake wengi huanza kutamani udongo. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe hufunga choo na kuleta mayai ya minyoo mingine. Albendazoli miligramu 400 hutumika sana, lakini damu iliyokwisha nyonywa hairudi kwa dawa ya minyoo peke yake, inahitaji vidonge vya madini ya chuma kwa miezi. Mjamzito wa miezi 3 ya kwanza asimeze dawa ya minyoo bila kuuliza kliniki. Na mwanamume mzima au mama aliyekoma hedhi asiye na minyoo lakini damu yake iko chini, atafutiwe inapovujia.

Kutapika saa chache baada ya ugali wa muhogo

Kichwa, kizunguzungu na kutapika kwa waliokula sufuria moja, jioni ile ile, hasa miezi ya njaa kabla ya mavuno ambapo muhogo mchungu hukaushwa haraka haraka: hiyo ni sumu ya sayanidi. Hospitali, na chakula kilichobaki kifichwe watoto. Makopa, yaani muhogo mkavu, yanahitaji siku zake za kulowekwa, kisha kuanikwa.

Choo kigumu, na damu kwenye karatasi

Chini ya mara 3 kwa wiki, au kukamua hadi jasho, ndiyo kufunga choo. Vyanzo vya kawaida: maji machache, sembe iliyokobolewa, kubana haja safarini kutoka Masasi hadi Dar es Salaam, vidonge vya madini ya chuma, dawa zenye kodeini. Mlenda, kisamvu, mapapai na dona husaidia, mradi maji nayo yaongezwe. Ufumwele, zile nyuzinyuzi za chakula, bila maji huziba zaidi. Mitishamba ya kuingiza kwa bomba nyuma imewachoma watu utumbo. Iache.

Damu nyekundu mbichi juu ya choo kigumu mara nyingi ni bawasiri au mchaniko. Mara nyingi, si mara zote. Damu iliyochanganyika na choo, choo kilichokuwa kinene kikawa chembamba siku zote, au hali iliyobadilika kwa mtu aliyevuka miaka 45, ichunguzwe hata kama bawasiri unazijua toka ujana.

"Chango" na "ngiri"

Maneno haya mawili hubeba kila kitu kilicho chini ya kitovu. Chango la mwanamke linaweza kuwa maambukizi ya kizazi, uvimbe, mkojo mchafu, au utumbo. Lenye uchafu wenye harufu na homa litibiwe mapema, na mwenza atibiwe naye. Maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini kulia, pamoja na homa na kukataa chakula, yanaweza kuwa kidole tumbo: usimeze dawa ya kuharisha, nenda. Ngiri yenyewe haiyeyuki kwa mizizi. Inashonwa, na heri ishonwe kabla haijakwama.

Kwenda hospitali ukiwa umejiandaa

Anzia zahanati au kituo cha afya, chukua barua ya rufaa panapohitajika, hasa kwa wenye bima. Hospitali za mkoa ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Njia ya Masasi kwenda Lindi kuna Ndanda na Nyangao. Mtwara ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Kama unahitaji kamera, uliza kwanza siku zake ndipo upande gari.

Beba dawa zote ndani ya pakiti zake, pamoja na chupa ya mitishamba. Daktari hatakula mtu, na asipojua atakuongezea juu yake. Beba majibu ya zamani. Kwa wiki moja kabla, andika saa ya maumivu, ulichokula na choo kilivyokuwa, mistari miwili kwa siku inatosha. Kama nyumbani kwenu anayeamua safari na pesa ni mjomba, mpe kundi la kwanza la dalili alisome mapema, si usiku wa kuamkia dharura.

Sampuli ya choo iwe kiasi cha punje ya korosho, kwenye kopo safi na kavu, isichanganyike na mkojo wala maji ya chooni. Choo cha maji kifike maabara ndani ya nusu saa, kwa sababu amiba hai hufa upesi na mtaalamu ataandika hakuna kitu. Heri ukitoe pale pale hospitali. Na kama umemeza omeprazoli au antibayotiki karibuni, mwambie kabla hujamkabidhi kopo.